Wordwise kwenye BBC Micro: kuipachika, kuiwasha na kuandika

Ukiwasha kompyuta ya BBC Micro inatoa milio miwili, wa kwanza mzito, wa pili mwembamba, na mlio haujatoka masikioni skrini imeshakuambia kwamba mashine iko tayari. Kama Wordwise, programu ya kuandikia, imo ndani, unaandika neno moja lenye nyota mbele, unabonyeza kitufe kimoja, na kielekezi kinapepesa kikisubiri sentensi yako. Kwa miaka sita sasa rasimu zangu zote za kwanza nimeziandika hivyo. Mashine yangu ni Model B niliyopewa na mjomba alipokuwa anasafisha stoo yake. Ilikuja na vumbi la miaka, kitufe cha N kimekwama, na ndani haikuwa na kihariri chochote. Hapa naeleza njia niliyopita mpaka ikawa meza yangu ya kuandikia, pamoja na sehemu nilizokosea, maana ndizo zilizonifundisha zaidi.

BBC Micro ilitengenezwa na Acorn wa Cambridge, Uingereza, ikatoka mwishoni mwa 1981. Model B ina kumbukumbu ya kilobaiti 32, basi. Herufi moja ni baiti moja, na nafasi kati ya maneno nayo ni baiti moja. Ukikaa na hesabu hiyo kichwani, kila uamuzi unaofuata utakuwa rahisi: chochote kinachokaa kwenye kumbukumbu kinakaa mahali ambapo maneno yako yangekaa.

Ndiyo maana ninapendekeza kihariri kinachokaa ndani ya chipu. BBC Micro imetenga eneo la anwani la kilobaiti 16, kuanzia &8000 hadi &BFFF, kwa ajili ya chipu za ROM, yaani za kusomwa tu, zinazopokezana. BASIC, lugha ya programu ya mashine, inakaa hapo, Wordwise inakaa hapo, na mfumo wa diski pia, lakini kwa wakati mmoja inaonekana moja tu. Mashine yenyewe ndiyo inayozibadilisha. Programu ya Wordwise haili hata baiti moja ya kumbukumbu kuu, isipokuwa kipande kidogo cha kuwekea mambo yake ya muda. Kihariri cha kupakia kutoka kwenye diski kingekula sehemu ya kilobaiti zako 32 kabla hujaandika hata kichwa cha habari.

Kitu cha pili kinachokula kumbukumbu ni skrini, na hiki watu wengi hawakitegemei. Modi 7, yenye safu 40, inatumia kilobaiti 1 tu kwa sababu herufi zinachorwa na chipu maalumu, SAA5050, iliyobuniwa kwa ajili ya maandishi ya televisheni. Modi 3, yenye safu 80, inatumia kilobaiti 16, yaani nusu ya kumbukumbu yote. Ukiwa na mfumo wa kawaida wa diski, nafasi yako inaanzia baiti ya 6,400. Katika Modi 7 skrini inaanzia 31,744, kwa hiyo unabaki na baiti 25,344. Katika Modi 3 skrini inaanzia 16,384, unabaki na 9,984. Ukurasa wangu wa Kiswahili wa maneno 300 ni kama herufi 2,000. Modi 7 inanipa kurasa 12 hivi kwa faili moja, Modi 3 inanipa chini ya 5.

Wordwise, kazi ya kampuni ya Computer Concepts, inakuacha uandike katika Modi 7, na safu 80 unaziona pale tu unapotaka kutazama jinsi karatasi itakavyokuwa. View ya Acornsoft nayo ni programu nzuri sana, na anayetaka kuona upana wote wa karatasi wakati wote ataipenda. Nimeitumia. Nilirudi Wordwise kwa sababu ya zile kurasa 12, na kwa sababu herufi za Modi 7 ni kubwa na za mviringo, hazichoshi macho yangu usiku.

Lugha yetu nayo inaingia humu bila shida yoyote. Kiswahili hakina alama juu ya herufi, kwa hiyo herufi zote tunazohitaji zimo tangu siku ya kwanza. Ritifaa ya ng' inapatikana kwa SHIFT na 7. Anayeandika Kifaransa kwenye mashine hii ana kazi ya ziada ambayo sisi hatuijui.

Kabla hujachomeka waya wa umeme

Kama mashine imekaa miaka bila kuwashwa, usiiwashe. Ndani ya sanduku la umeme mna kapasita mbili za kuzuia kelele za umeme, aina ya RIFA, zenye ganda la njano linalopitisha mwanga. Ganda hilo hupasuka kwa uzee na kuingiza unyevu, na siku umeme unapopita, kapasita inalipuka na kujaza chumba moshi mzito wenye harufu isiyosahaulika. Mara nyingi mashine yenyewe haiharibiki, lakini hakuna sababu ya kungoja hayo. Mpe fundi anayejua sanduku za umeme azibadilishe zote mbili kwa kapasita mpya za aina ya X2 zenye thamani ileile, na atazame na zile kubwa za elektroliti. Nasema fundi kwa makusudi. Sehemu nyingine zote za kazi hii unaweza kuzifanya mezani kwako, lakini ndani ya sanduku la umeme mna volti za kuua, na baadhi hubaki hata baada ya kuchomoa waya.

Likirudi sanduku, washa na usome mstari wa kwanza. Unataka kuona BBC Computer 32K. Ukiona 16K una Model A, au una Model B yenye chipu za kumbukumbu zilizokufa. Kisha andika:

*FX0

Jibu unalolitaka ni OS 1.20. Matoleo ya mwanzo kabisa ya mfumo, kama 0.10, hayawezi kuendesha chipu hizi za kupokezana inavyotakiwa, na hapo itabidi ubadilishe kwanza chipu ya mfumo wenyewe.

Kupachika chipu

Tafuta Wordwise halisi iliyochomolewa kwenye mashine nyingine, au kama unayo nakala uliyo na haki nayo, iandikwe kwenye EPROM, chipu tupu inayoandikwa programu, ya aina ya 27128. Wordwise ya kwanza ni ya kilobaiti 8 tu, na 27128 ina 16, kwa hiyo mwambie anayekuandikia airudie mara mbili ili ijaze chipu. Usikubali upewe 27256 kwa maelezo kwamba ni kubwa zaidi: soketi za BBC Micro haziendani nayo hivi hivi. Wordwise Plus, toleo lililofuata, inajaza kilobaiti 16 zote na ina lugha yake ndogo ya kuandikia programu, lakini vitufe vya kuandikia vinafanana na nitakavyoeleza.

Zima, chomoa waya ukutani, geuza mashine. Skrubu nne zenye neno FIX ndizo za kifuniko: mbili nyuma, mbili chini upande wa mbele. Ukikinyanyua kifuniko utaona kibodi imefungwa kwa nati pembeni. Ifungue na uivute taratibu. Huna haja ya kuchomoa utepe wake wa nyaya, iegemeze tu juu ya mashine. Chini ya kibodi, pembe ya kulia mbele, kuna safu ya soketi tano. Ya kushoto kabisa, IC51, ni ya mfumo, usiiguse. Zinazofuata kuelekea kulia ni IC52, IC88, IC100 na IC101.

Hapa pana jambo la kuamua. Mashine ikiwaka, inaanza kutafuta kutoka kulia, na chipu ya kwanza yenye lugha itakayokutana nayo ndiyo inayoshika usukani. Ukiiweka Wordwise kulia kwa BASIC, mashine itaamka ndani ya Wordwise moja kwa moja. Wapo wanaopenda hivyo. Mimi nimehamishia BASIC kwenye IC101 na Wordwise ikakaa IC100, kwa sababu napenda kuamka kwenye BASIC, nipange diski, niangalie mafaili, ndipo niingie kuandika. Chagua yako, lakini ujue kwamba mpangilio wa soketi una maana, si suala la kuziba tundu lililo wazi.

Gusa kwanza kitu cha chuma ili umeme tuli utoke mwilini. Miguu ya chipu mpya huwa imetanuka kidogo, kwa hiyo laza chipu ubavu kwenye meza na uisukume taratibu mpaka safu nzima ya miguu isimame wima, kisha ugeuze ubavu wa pili. Tazama mbonyeo mdogo kwenye ncha ya chipu za jirani: ya kwako lazima ielekee upande huohuo. Weka miguu yote 28 juu ya matundu yake, hakikisha, ndipo ubonyeze kwa vidole gumba viwili, ncha hii kidogo, ncha ile kidogo.

Mara ya kwanza sikuhakikisha. Nilifunga kila kitu, nikawasha, nikaandika *HELP, na Wordwise haikuwamo kwenye orodha. Saa mbili nilitafuta kosa kwenye chipu, kwenye soketi, mpaka kwenye kebo ya skrini. Mguu mmoja ulikuwa umejikunja chini ya tumbo la chipu, na ukitazama kutoka juu ulionekana umeingia kama wenzake. Sasa sirudishi kibodi mahali pake kabla ya kumulika tochi kutoka ubavuni, usawa wa ubao, na kuhesabu miguu upande wa kushoto na wa kulia. Na *HELP naiandika kabla ya kufunga skrubu hata moja. Ukiona jina la Wordwise kwenye orodha, funga.

Ukiwa umeifungua mashine, hudumia na vitufe. Kitufe changu cha N kilifunguka kwa matone mawili ya pombe ya kusafishia saketi na mabonyezo mia moja hivi.

Skrini

Nyuma kuna matundu matatu ya picha. La kwanza ni la antena, na televisheni nyingi za sasa haziwezi hata kulipokea. La pili ni la BNC, linalotoa picha isiyo na rangi kama mashine haijabadilishwa ndani. La tatu ni la RGB, duara lenye pini sita, na ndilo ninalokushauri, kwa sababu moja inayohusu Wordwise moja kwa moja: amri za kupanga ukurasa zinaandikwa kwa kijani na maandishi yako kwa nyeupe. Kwenye picha isiyo na rangi kijani ni kijivu tu, na utaanza kuzichanganya. Kebo ya RGB hadi SCART inatosha kwa televisheni yenye tundu hilo. Kwa skrini mpya utahitaji kisanduku cha kubadilisha picha, na kabla hujakichukua hakikisha kinapokea mawimbi ya hezi 50.

Mahali pa kuhifadhi

Kaseti inafanya kazi, na inakupa hata kumbukumbu zaidi kwa kuwa mfumo wa diski haupo kula sehemu yake. Lakini kwa kasi yake ya biti 1,200 kwa sekunde, faili la herufi 20,000 linachukua karibu dakika 3, na kitu kinachochukua dakika 3 hutakifanya mara kwa mara. Kuhifadhi lazima kuwe kwepesi, la sivyo utaacha.

Kama mashine yako ina sehemu ya diski, chukua diski drivu ya zamani au Gotek, kile kisanduku kinachojifanya diski drivu huku kikisoma fimbo ya USB. Si kila Model B ina sehemu hiyo, ilikuwa ni nyongeza. Yangu haikuwa nayo, kwa hiyo nilitumia kisomaji cha kadi ya SD kinachochomekwa kwenye tundu la mtumiaji, lile la pini 20 chini ya mashine. Kinahitaji chipu yake ya ROM yenye mfumo unaoitwa MMFS, ambayo kwangu iko IC88. Kadi moja inabeba faili kubwa lenye diski 511 ndani yake. *DCAT inakuonyesha orodha ya diski, *DIN ikifuatwa na namba inaiingiza ile uitakayo, na kuanzia hapo mashine inaamini ina diski ya kawaida.

Vikwazo vya diski ya kawaida vinabaki vilevile: jina la faili halizidi herufi 7, na upande mmoja wa diski hauchukui zaidi ya mafaili 31. Mimi natumia diski moja kwa kazi moja. Herufi moja na nukta mbele ya jina ni kama droo, kwa hiyo R.SURA1 ni rasimu na S.SURA1 ni safi.

Diski ikiwa ndani, tengeneza faili la kuanzia. Ukiwa kwenye BASIC:

*BUILD !BOOT
*FX202,48
*WORDWISE

Bonyeza ESCAPE kumaliza, kisha:

*OPT 4,3

Kuanzia hapo ukishika SHIFT na kugusa BREAK, mashine inasoma faili hilo na kukufikisha Wordwise yenyewe. Ule mstari wa *FX202,48 unazima CAPS LOCK, maana BBC Micro huamka ikiwa na herufi kubwa, na mwandishi hahitaji kuzikuta kila asubuhi.

Ndani ya Wordwise

Unakutana na menyu ya namba. 1 inahifadhi matini yote, 2 inapakia mpya, 3 inahifadhi kipande ulichotia alama, 4 inaingiza faili pale kielekezi kilipo, 5 ni kutafuta na kubadilisha, 6 inachapa, 7 inakuonyesha ukurasa utakavyokuwa, 8 inatoa matini iliyopangwa kwenda kwenye faili. ESCAPE inakupeleka kwenye kuandika, na ESCAPE hiyohiyo inakurudisha. Jihadhari na 2: inafuta kilichopo ili kuweka kipya. Unapotaka kuunganisha, ni 4.

Upande wa kuandika, juu ya skrini unaona idadi ya maneno uliyoandika na nafasi iliyobaki. Ninaipenda mistari hiyo. Andika mfululizo, mashine inashusha maneno yenyewe mwisho wa mstari, RETURN ni ya mwisho wa aya tu.

Vitufe vyekundu ndivyo mikono yako. f0 inabadilisha kati ya kuingiza na kuandika juu ya yaliyopo. Baki kwenye kuingiza. f3 inaweka alama: weka moja mwanzo wa kipande, nyingine mwisho, kisha f8 inakihamishia kilipo kielekezi, f9 inakinakili, f7 inakifuta. f4 inapeleka kielekezi hadi herufi utakayoitaja, f6 inafuta hadi herufi hiyo. Hii f6 ndiyo ninayoitumia kuliko zote. Nikiona sentensi haifai, naweka kielekezi mwanzoni, f6, nukta, na imeondoka yote. CTRL na D inafuta neno, CTRL na S inageuza herufi ndogo kuwa kubwa na kubwa kuwa ndogo. Kata ukanda wa karatasi, andika kazi za vitufe, uupenyeze chini ya ule ukanda wa plastiki angavu juu ya vitufe. Wiki mbili baadaye hutautazama tena.

Kupanga ukurasa ni f1, halafu amri, halafu f2. f1 inaanza kijani, f2 inarudisha nyeupe. LL65 ni mstari wa herufi 65, LM8 ni pambizo la kushoto la herufi 8, CE inaweka mstari katikati, BP inaanza ukurasa mpya. Mwanzo wa kila faili langu una mstari mmoja wa kijani wenye LL na LM, na katikati ya matini sina amri nyingine isipokuwa BP mwisho wa sura. Ukianza kupamba rasimu kabla haijaiva, unapamba kitu utakachokifuta. Namba 7 inakuonyesha matokeo kwa safu 80, lakini kumbuka skrini hiyo inadai kilobaiti 16, kwa hiyo iangalie sura ikiwa bado fupi, au ukiwa umeigawa.

Jambo moja la Modi 7 litakushtua: mabano ya mraba yanaonekana kama mishale, na yale ya mawimbi kama sehemu za robo. Chipu ya maandishi ya televisheni haina michoro hiyo. Kwenye faili herufi ni ile uliyoandika, na kwenye karatasi itatoka sawa.

Kutopoteza kazi

BREAK imekaa jirani kabisa na f9. Utaigusa. Mimi niliigusa usiku nikinakili aya, na moyo ulinishuka nilipoona skrini imefutika. Usibonyeze kitu kwa pupa. Wordwise itakuuliza kama unataka matini ya zamani: Old text? Jibu Y na kila kitu kinarudi. Ukijikuta kwenye BASIC, andika *WORDWISE, swali litakuja. Kisichorudi ni umeme ukikatika, na amri yoyote ya kupakia programu nyingine juu ya matini yako. Nimekata kipande cha boksi nikakikunja kikawa kijumba kidogo juu ya BREAK, na tangu siku hiyo sijaigusa kwa bahati mbaya.

Kosa lililonigharimu kweli lilikuwa jingine. Mfumo wa diski hauulizi unapohifadhi kwa jina lililopo, unaandika juu yake kimya. Nilihifadhi barua ya nusu ukurasa kwa jina la sura niliyoifanyia kazi mwezi mzima, na sura ikaisha hapo. Sasa nikimaliza sura naifunga:

*ACCESS S.SURA1 L

Mashine itakataa kuliandikia faili hilo mpaka ulifungue kwa amri ileile bila L. Na rasimu inayoendelea ninaihifadhi kwa majina mawili kwa kupokezana, SURA2A na SURA2B, kila nikiongeza maneno 200. Amri za nyota kama hizi unaweza kuziandika palepale kwenye menyu ya Wordwise, pamoja na *CAT ya kuona yaliyomo kwenye diski. Ukiambiwa diski imejaa ilhali unajua ina nafasi, jaribu *COMPACT, ambayo inasogeza mafaili pamoja. Hifadhi matini yako kwingine kabla ya kuiendesha, kwa sababu inatumia kumbukumbu ya mashine kuhamishia mafaili na itakufutia ulichokuwa unaandika.

Kuitoa nje

Tumia namba 8, si namba 1, kwa faili litakalokwenda kwenye kompyuta ya sasa. Namba 1 inahifadhi na alama za kijani na nyeupe ndani yake, na kompyuta nyingine itazionyesha kama uchafu. Namba 8 inatoa maandishi matupu. Lakini yatatoka yamekatwa kwa upana wa LL uliouweka, kila mstari ukiwa na mwisho wake, kwa hiyo kabla ya kutoa ongeza LL mpaka mistari mirefu kadiri inavyokubali, ili upunguze kazi ya kuunganisha upya.

Baada ya hapo chomoa kadi, ifungue kwenye kompyuta yako kwa programu inayosoma picha za diski za BBC, na uvute faili. Likionekana kama mstari mmoja usio na mwisho, hakuna kilichoharibika. BBC Micro inamaliza mstari kwa alama ya 13, Linux inatumia 10, Windows inatumia zote mbili. Kihariri chochote kizuri kitakubadilishia kwa amri moja, na sura yako itasimama aya kwa aya kama ulivyoiacha.